Mwendo wa Aliye Nyuma

Watu wanapokubaliana kwenda safari pamoja hupatana juu ya mambo mengi kabla ya kuondoka. Hupatana siku, hupatana njia, hupatana chakula na nauli. Jambo moja aghalabu husahauliwa, nalo ni mwendo. Kila mmoja hudhani kuwa mwendo wake ndio mwendo wa wote, mpaka jua lipandapo na njia iinukapo, ndipo ionekanapo kuwa katika kundi la watu kumi kuna miendo kumi. Hapo huzuka swali ambalo nataka kulitafakari pamoja nawe, msomaji: kundi la wasafiri lifuate mwendo wa nani? Wa yule mwenye nguvu aliye mbele, au wa yule mnyonge aliye nyuma?

Usiharakishe kujibu. Ukijibu upesi utasema, kama nilivyosema mimi zamani, kwamba jawabu li wazi na kwamba mwenye huruma humngoja mwenzake. Lakini huruma ni neno jepesi kwa mtu aliyeketi kivulini. Nataka tulipime mahali penye mawe, miiba na jua kali, ambapo maji ni haba na kila saa ya kungoja hupunguza kilichomo chupani.

Safari ninazozisema ni zile za kutembea kwa miguu milimani na nyikani, kila mtu akiwa amebeba mgongoni maji yake, chakula chake na blanketi lake. Kwa babu zetu kupanda mlima kulikuwa kazi, wala hakukuwa somo. Mtu alipanda kutafuta malisho, kuni au kimbilio. Wazo la kumpeleka kijana nyikani makusudi ili afunzwe tabia lilienea katika karne ya 20. Mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shule ya namna hiyo ilifunguliwa Aberdovey, katika nchi ya Wales, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwalimu Kurt Hahn. Meli zilikuwa zikizamishwa baharini, na ilisemwa kwamba katika mashua za kuokolea watu mabaharia vijana walikufa upesi kuliko wazee, kwa sababu walipungukiwa na moyo kabla ya kupungukiwa na nguvu. Mwaka 1952 shule iliyofuata mfano huo ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1966 ukaanzishwa nchini Kenya mpango wa Tuzo ya Rais, ambao hata leo huwataka vijana wafunge mizigo na kwenda safari ya siku 2, 3 au 4, kwa kadiri ya daraja la tuzo wanayoitafuta: ya shaba, ya fedha au ya dhahabu.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilizipenda sana safari hizo. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba mlima ni mwalimu bora kuliko mimi, na kwamba kazi yangu ni kuwafikisha wanafunzi mbele ya mwalimu huyo, kisha ninyamaze. Sasa umri wangu umepita miaka thelathini, nimefundisha Homa Bay na sasa nafundisha Migori, na imani ile imepungua. Nitakueleza kilichoipunguza.

Msomaji wa pande za ziwa anaujua Mlima Homa. Umesimama peke yake katika rasi iliyoingia Ghuba ya Winam, mlima uliozaliwa zamani na moto wa chini ya ardhi, na hata leo chemchemi za maji moto hutoka miguuni pake. Kilele chake kina mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa ziwa lenyewe liko kadiri ya mita 1,134, mtu aanziaye ufukoni hupanda mita 600 na zaidi. Si mlima mrefu, wala nchi ile si jangwa. Lakini mwezi wa Februari nyasi hukauka zikawa kama waya, mawe hushika moto kabla ya saa nne, na kivuli huwa haba. Ajabu ya mlima huo ni hii, kwamba karibu kila utazamako unaona maji. Ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika limetandazwa chini yako, linameta, nawe umeshika chupa iliyobakia mafunda mawili.

Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi niliwapeleka huko wanafunzi 13. Kila mmoja alibeba lita 2 za maji. Tuliondoka alfajiri, na saa ya kwanza tulikwenda pamoja tukiimba. Saa ya pili kundi likaanza kunyooka kama uzi. Waliokuwa mbele walikuwa vijana wa mpira, miguu yao myepesi. Nyuma kabisa alikuwa mvulana mmoja mwembamba, mpole, hodari sana wa hesabu. Nilimngoja nikamwuliza kama ana neno. Akanijibu, "Niko sawa, mwalimu." Nikamwuliza mara ya pili baadaye, akanijibu vilevile na kucheka kidogo.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sitalisahau. Jua lilikuwa linapanda, na wale wa mbele walikuwa wakinung'unika kwamba tutachelewa. Nikaligawa kundi. Nikasema wenye nguvu waje pamoja nami tufike kileleni mapema, na yule mvulana aje polepole pamoja na mwenzake mmoja. Nilijiona mwenye busara, kwa maana sikumlazimisha aliyechoka wala sikuwazuia wenye hamu. Lakini yule mwenzake naye alikuwa kijana, na kilele kilikuwa kinaonekana. Haikupita nusu saa alitufikia akihema na kusema, "Amesema anapumzika, atakuja."

Tulifika juu. Tulishangilia, tukaonyeshana visiwa na mitumbwi. Tuliposhuka tulikuta mkoba wake njiani chini ya mti wa miiba, naye hayupo.

Tulimtafuta tangu saa sita hata saa kumi. Alikuwa ameyamaliza maji yake mapema kwa sababu ya kujikaza apate kutufuata. Kisha maumivu yalimshika miguuni na mgongoni. Akaliona ziwa, akadhani li karibu, akaiacha njia na kuteremka moja kwa moja kulifuata. Nyanya mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na mtungi wa maji kichwani alimkuta amelala kati ya mawe. Alimburura mpaka kivulini, akamnywesha, akamlowesha kichwa na kifua, na maji yaliyosalia akayaweka kando yake akaketi kumngojea mwenyewe, yeyote atakayekuwa. Mimi nilipofika hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Mwalimu, huyu alikuwa anakwenda na nani?"

Sikuwa na jawabu. Alikuwa anakwenda na watu 13, nami nikiwamo, na hakuwa anakwenda na mtu.

Hospitalini nilijua nisilolijua. Mvulana yule alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Katika nchi za kando ya ziwa letu ugonjwa huo si mgeni. Mwenye nao akipungukiwa na maji mwilini huweza kupatwa na maumivu makali, hata kufa. Alitiwa maji kwa mshipa, akalala wodini siku kadhaa, na kwa rehema za Mungu akapona. Nilipoketi kando ya kitanda chake nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama dari kwa muda, kisha akasema, "Ningalikwambia, mwalimu, ungaliniacha."

Msomaji, nimeyageuza maneno hayo kichwani kwa miaka mingi. Alificha ugonjwa wake ili asiachwe, na kwa kuuficha akaachwa. Mwanzoni nilitaka kumlaumu. Nilisema moyoni kwamba mimi niliuliza mara mbili, naye akanidanganya mara mbili. Lakini nilipozidi kufikiri niliona kwamba uongo ule haukuwa wake peke yake. Kundi lililowaheshimu walio mbele, lililopiga makofi kwa anayefika kwanza na kuguna kwa anayengojwa, lilikuwa limekwisha kumfundisha la kusema kabla sijamwuliza. Mtu akijua kwamba ukweli utamtoa katika kundi, ataficha ukweli. Nami nilikuwa mkuu wa kundi hilo.

Baada ya hayo wazazi waliitisha mkutano, na hawakukosea kuuitisha. Baba mmoja alisimama, akasema kwa upole kwamba safari si mbaya, ila wachaguliwe walio hodari tu, na wanyonge wabaki shuleni kwa usalama wao. Wengi walitikisa vichwa kumkubali. Kisha akasimama mama mmoja, akasema, "Mwalimu, binti yangu hubeba mtungi wa lita 20 kutoka ziwani kila siku. Kama kiu na kilima vyafundisha tabia, yeye angekuwa amekwisha kufuzu. Kwa nini nilipe nauli akatafute kiu mahali pengine?" Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu sikuwa na jibu kwa yeyote kati yao. Leo nitajaribu kuwajibu wote wawili, na kwanza nianze na yule baba.

Neno lake lina haki ndani yake. Kuna safari ambazo mgonjwa hapaswi kwenda, na mwalimu asemaye kwamba kila mtu aweza kila jambo ni mwongo wa hatari. Tena wenye nguvu nao wana haki zao. Taifa letu lilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963, Kisoi Munyao alipanda Mlima Kenya na bendera mpya. Nani angependa mtu kama huyo afungwe miguu maisha yake yote kwa ajili ya wasiojiweza? Kijana mwenye mapafu mazuri ana haki ya kuujua mwisho wa nguvu zake. Na aende akaujue, peke yake uwanjani, au pamoja na wenziwe waliolingana naye na kukubaliana hivyo. Sina ugomvi naye.

Lakini kuna tofauti kati ya kuchagua watu kabla ya safari na kuwachuja njiani. Mtu akiambiwa nyumbani, "Safari hii hukuiweza, iko nyingine," huumia moyo, lakini hukaa penye maji na watu wake. Mtu akichujwa mlimani kwa mwendo wa wenzake, hukatiwa hukumu hiyo mahali asipoweza kukata rufani. Neno "twende" likisemwa mjini ni mwaliko tu. Likisemwa nyikani ni ahadi, kwa sababu yule aliyelikubali ameacha nyuma kila msaada mwingine, akautegemea msaada wa kundi. Mwenye kumwambia mwenzake twende, kisha akamtangulia mpaka asionekane, amevunja ahadi hata kama hakusema neno baya.

Wazee wa misafara ya zamani walilijua jambo hili, ingawa hawakulitenda vema. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, mbele alitangulia kirangozi aliyeijua njia, na nyuma walikuja wanyapara wa kuwakusanya waliochoka, wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine kwa fimbo. Kwa hiyo walifahamu kwamba nyuma ya msafara panahitaji mtu imara kama mbele. Walakini walichokilinda zaidi ni mzigo. Mpagazi aliyeshindwa, mzigo wake ulipata mchukuzi mwingine, na yeye mara nyingi aliachwa njiani. Msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulioliona ziwa la kaskazini mwezi wa Machi 1888 ulikuwa na wapagazi wengi, na si wote waliorudi pwani. Teleki aliliita ziwa hilo kwa jina la mwana wa mfalme wa kwao. Mwaka 1975 likaitwa Turkana. Majina ya waliobeba mizigo mpaka huko hayakupewa ziwa wala kilima.

Mfano mwingine ni wa Waitalia watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki. Mwezi wa Januari 1943 walitoroka, nia yao ikiwa kuupanda Mlima Kenya na kisha kurudi kifungoni. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walikuwa wapandaji. Mwenzao wa tatu, Vincenzo Barsotti, hakuwa na afya njema, nao walilijua hilo tangu mwanzo. Hawakumficha wala yeye hakujificha. Alipewa kazi ya kukaa katika kambi ya chini na kuwangojea. Wawili walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, wakashuka kwa mwenzao, na wote watatu wakarudi kambini kupokea adhabu. Hapo mnyonge hakufika juu, lakini hakuachwa. Alikuwa na mahali pake palipojulikana, na wenzake walijua ni wapi pa kurudi. Kati yake na mwanafunzi wangu kulikuwa na tofauti moja kubwa: ukweli wake ulisemwa kabla ya safari, na baada ya kusemwa aliendelea kuwa mmoja wao.

Hata kanuni za Tuzo ya Rais zimebeba hekima hii, ingawa vijana wengi huzisoma bila kuitambua. Kundi la safari halipaswi kupungua watu 4 wala kuzidi 7. Kwa nini wasiwe chini ya wanne? Waongozaji wa safari hueleza hivi: mmoja akiumia, mmoja atakaa naye, na wawili watakwenda kutafuta msaada, ili hata mwenda mbio asiwe peke yake. Itazame hesabu hiyo vizuri. Imejengwa juu ya yule atakayeanguka. Kabla hajulikani ni nani, kabla mtu yeyote hajafunga kamba za viatu, kanuni imekwisha kumwekea mwenzake wa kuketi naye. Nami siku ile nilikuwa na watu 14, na sikuweza kumpatia mmoja mwenzi wa kukaa naye.

Labda utasema, msomaji, kwamba uongo wa mvulana yule ulikuwa utoto, na kwamba mtu mzima husema hali yake bila haya. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipokuwa wa nyuma mimi mwenyewe.

Miaka michache baadaye, wakati wa likizo, nilikwenda kaskazini na walimu wenzangu watano kuupanda Mlima Nyiru katika nchi ya Wasamburu. Tulianzia South Horr. Huko ndiko jangwa lenyewe, milima mikavu na mito ya mchanga, mpaka uifikie misitu iliyo juu kileleni, ambako ukungu hutua na maji hupatikana. Ndiyo sababu wafugaji wa huko hupandisha mifugo yao mlimani wakati wa ukame. Kilele kina mita 2,752. Siku ya kwanza tumbo lilinisumbua usiku kucha, na asubuhi nilikuwa dhaifu. Walimu wenzangu waliniuliza hali. Unajua nilichowajibu? "Niko sawa." Mimi niliyekwisha kuketi kando ya kitanda kile, niliyekwisha kuwaandikia wanafunzi kanuni za kusema kweli, nilisema maneno yaleyale, na nadhani nilicheka kidogo vilevile. Niliona haya kuwa sababu ya wengine kungoja.

Kiongozi wetu alikuwa Msamburu wa makamo aliyevaa akala na kushika mkuki. Hakuniuliza chochote. Kila nilipobaki nyuma kadiri ya hatua hamsini, yeye aliyekuwa mbele alisimama, akaketi juu ya jiwe, akavua akala moja na kuanza kukaza misumari yake. Wote walisimama. Nilipofika na kupumua, akala ilikuwa imepona, nasi tukaendelea. Akala ile iliharibika mara nyingi sana siku ile. Jioni niliiangalia karibu, nikaona ni nzima kabisa. Ndipo nilipomwendea kiongozi wa kundi letu nikamweleza hali yangu yote, na kesho yake tukapumzika kambini bila mtu kunung'unika.

Yule mzee hakunifanyia huruma, au kama ilikuwa huruma basi aliivika nguo nyingine. Aliuweka mwendo wa kundi zima mahali ambapo ningeweza kuufikia, na kwa kufanya hivyo akaniondolea haja ya kusema uongo. Hilo ndilo jambo ninalotaka kukwambia katika insha hii yote. Kwenda kwa mwendo wa aliye nyuma si sadaka ambayo wenye nguvu humpa mnyonge. Ni sharti la kuwa na ukweli katika kundi. Kundi liendalo kwa mwendo wa walio mbele huwafundisha walio nyuma kudanganya, na kundi lisiloujua ukweli wa watu wake halijui lina maji kiasi gani, lina nguvu kiasi gani, wala litafika wapi.

Wala usidhani kwamba wajibu wote ni wa mwenye nguvu. Aliye nyuma naye ana deni, nalo ni kusema kweli mapema. Jua kali humpokonya mtu akili kabla ya kumpokonya miguu, na aliyezidiwa na joto mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidiwa. Anayengoja mpaka ashindwe kabisa ndipo aseme, huwatwika wenzake mzigo mara mbili. Kusema "nimechoka" wakati ungali na nguvu za kutembea ni ujasiri, na mimi nakiri kwamba umenishinda zaidi ya mara moja. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kutazama huuona mwepesi. Basi mwenye mzigo na auseme uzito wake.

Sasa nimjibu yule mama aliyeuliza kwa nini binti yake akatafute kiu mahali pengine. Mama alikuwa na haki kuliko alivyojua. Kiu haimfundishi mtu lolote. Kama taabu peke yake ingalikuwa mwalimu, maskini wote wangalikuwa watakatifu. Mimi niliyedhani kwamba mlima hufundisha nilikuwa nimekosea. Siku ile mlima haukumfundisha mtu kitu. Aliyetufundisha ni nyanya mwenye mtungi, ambaye maji yale ya lita 20 aliyatoa ziwani kwa shingo yake, akamwagia mtoto asiyemjua, kisha akakaa. Binti wa mama yule huenda anajua tayari nilichokuwa nikitafuta kwa nauli. Lakini nasadiki kuna kitu kimoja safari inaweza kumpa yeye na wenzake. Nyumbani na shuleni udhaifu wetu hufichika nyuma ya milango na vitabu. Nyikani haufichiki kwa muda mrefu. Humo vijana 13 huweza kuona kwa macho yao, katika siku moja, kwamba jambo dogo walilochagua, kungoja au kutongoja, limekuwa jambo kubwa kwa mtu fulani. Hilo wakiliona na likazungumzwa, safari imelipa nauli yake. Lisipozungumzwa, mama ana haki: watoto wametembezwa juani bure.

Mwaka uliofuata tulikwenda safari nyingine, na yule mvulana akataka kwenda. Mama yake, daktari, yeye na mimi tulikaa tukasema yote. Tulichagua mahali atakapopaweza, tukapanga magari yafike karibu, tukaongeza maji. Tulikwenda Thimlich Ohinga, katika nchi ya Migori, kuziona zile kuta za mawe ambazo mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta hizo hupata mita 4 kwenda juu mahali pengine, na hazina saruji wala udongo wa kuzishikiza. Zimesimama kwa karne nyingi kwa sababu ya namna zilivyopangwa: safu ya nje, safu ya ndani, na kati yake safu ya tatu inayozishikamanisha mbili hizo. Mvulana yule, ambaye ndiye aliyekuwa mhasibu wetu wa maji siku hiyo, alikuwa wa kwanza katika safu yetu, na vijana wa mpira walimfuata kwa mwendo wake. Walinung'unika? Ndiyo, mwanzoni, kidogo. Mmoja alisema tunatembea kama maarusi. Baada ya saa moja aliona ndege na nyayo ambazo hangeziona akikimbia, akaacha kunung'unika. Jioni mvulana aliniletea daftari lake. Alikuwa ameandika kiasi alichokunywa kila mtu, na mwisho wa ukurasa, mbele ya jina lake mwenyewe, aliandika, "Nimechoka kidogo. Saa nane u nusu." Tulipumzika hapo hapo.

Msomaji kijana, huenda hutapanda Mlima Homa wala Nyiru. Lakini utakwenda na watu: darasani, kazini, nyumbani mwako. Siku moja utakuwa mbele, na siku nyingine, amini usiamini, utakuwa nyuma. Ukiwa mbele, geuka mara kwa mara uhesabu watu, na ikibidi uvue akala yako nzima uikaze. Ukiwa nyuma, sema saa yako na uchovu wako mapema. Na ukikutana na nyanya mwenye mtungi, akikuuliza mtoto huyu alikuwa anakwenda na nani, uwe na jawabu.